Amsterdam ya Watu Wawili, kwa Mwendo wa Kobe

Miaka kumi na tisa nilifungasha mawaridi kwenye shamba moja hapa Usa River, karibu na Arusha. Boksi likishabandikwa karatasi ya Uholanzi linapanda gari la baridi kwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mimi napanda daladala kurudi nyumbani. Watoto walipotuuliza mimi na Baba Neema tungependa kwenda wapi kwa miaka thelathini ya ndoa, jibu nilikuwa nalo mdomoni: nataka kuona maua yangu yanaishia wapi. Baba Neema ni mtu wa Marangu, Kilimanjaro, amekua akizibua mfongo wa ukoo wao, yaani mfereji wa kuleta maji mashambani. Aliposikia Amsterdam ni mji ambao mifereji ndiyo mitaa, akakubali bila ubishi, jambo lisilo la kawaida yake. Tulikaa siku saba, mwezi wa Mei. Tangu turudi kila mtu kanisani ananiuliza tulifanyaje, basi nayaandika hapa mara moja.

Makaratasi kwanza, maana ndiyo yanayochosha. Mnahitaji viza ya Schengen, ile inayotumika Uholanzi na nchi nyingi za Ulaya. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya safari isipungue euro 30,000, na mnaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari. Mwisho ni siku 15 kabla, lakini majibu yanaweza kufika hata siku ya 45, kwa hiyo msijaribu bahati. Alama za vidole zinachukuliwa Dar es Salaam na lazima mwende wote wawili. Bebeni na cheti cha ndoa.

Halafu kadi ya benki. Kila mmoja awe na yake, na benki iambiwe mapema kwamba mnasafiri. Yangu ilifungwa siku ile ile ya kwanza, nimesimama mbele ya muuza jibini na foleni nyuma yangu, na noti zangu za euro nilizobadilisha kwa shida akazikataa. Baadhi ya maduka kule hayapokei pesa taslimu kabisa. Siku mbili nzima nilikuwa naomba hela ya chai kwa mume kama bibi harusi.

Ndege ya KLM inaruka kutoka KIA usiku, mnaamkia Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam. Treni inawafikisha kituo kikuu cha katikati ya mji kwa kama robo saa. Mei wako nyuma yetu saa moja tu, kwa hiyo usingizi haupotei, ila jua linazama baada ya saa tatu usiku na mwili unakataa kuamini kwamba ni wakati wa kulala. Siku hiyo ya kwanza msipange kitu. Kukaa tu kwenye benchi kando ya maji kunatosha.

Mkitafuta chumba, ulizeni lifti kabla ya kuuliza bei. Nyumba za zamani ni nyembamba na ngazi zake zimesimama kama ngazi ya kupandia darini. Wenyewe samani hawazipitishi humo: juu ya nyumba nyingi kuna kulabu, mzigo unavutwa kwa kamba na kuingizwa dirishani. Nyingi zimejengwa zikiinama mbele kidogo ili mzigo usigonge ukuta unapopanda. Nilidhani zinaanguka. Baba Neema ana goti, tukalipa zaidi kupata lifti, na sijutii hata senti. Kumbukeni pia kodi ya wageni, asilimia 12.5 ya bei ya chumba.

Sasa baiskeli. Njia yenye lami nyekundu si ya miguu. Ukisikia kengele umeshachelewa. Wale hawakwepi, na anayeendesha anaweza kuwa bibi wa miaka sabini mwenye mkungu wa maua begani. Bodaboda wa soko la Kilombero, Arusha, ana huruma zaidi. Tulikubaliana hivi: kabla ya kuvuka yeye anaangalia kushoto, mimi kulia, na hakuna anayetoka mpaka wote tuseme "haya". Mtaona tunachekesha, lakini tumerudi wazima.

Kutembea mifereji hakuhitaji kiingilio, na hapo ndipo siku zenu ziishie. Mikubwa mitatu inazunguka katikati ya mji kama pete: Herengracht wa mabwana, Keizersgracht wa kaisari, Prinsengracht wa wana wa mfalme. Ilianza kuchimbwa mwaka 1613, na mwaka 2010 UNESCO wakaiweka kwenye urithi wa dunia. Msijaribu kuimaliza. Chagueni mmoja kwa siku, mshuke upande mmoja, mvuke daraja, mrudi upande wa pili. Jioni nendeni pale Reguliersgracht unapokutana na Herengracht: ukisimama vizuri unaona madaraja saba yamepangana, na taa zake zikiwaka hakuna mwanamke atakayesahau kumshika mume mkono. Kwa usiku mwingine kuna Magere Brug, daraja jeupe la mto Amstel lililozungushiwa balbu.

Baba Neema alitaka kujua nani anazibua. Kwao Marangu siku ya mfongo ikifika kila boma linatoa mtu mwenye jembe, asiyefika anatozwa faini, na maji yanateremka yenyewe kwa sababu mlima upo. Amsterdam hakuna mteremko. Usiku wanafunga malango ya maji na kusukuma maji mapya kwa pampu ili ya zamani yatoke, na kila mwaka mashua yenye kucha za chuma inaopoa baiskeli kwa maelfu. Hata Ikulu ya mfalme pale uwanja wa Dam, katikati ya mji, imekaa juu ya nguzo za mbao zilizopigiliwa kwenye tope, 13,659. Hesabu hiyo wenyeji wanaikumbuka kwa siku za mwaka: 365, moja mbele, tisa nyuma. Mzee aliirudia hadi tukapanda ndege.

Onyo kwa watu wa Kilimanjaro wanaojua kahawa: kibao kilichoandikwa "coffeeshop" si cha kahawa. Ni duka la bangi. Tuliingia, tukakaa, Baba Neema akaagiza kahawa ya maziwa na kuuliza kwa sauti mbona pananuka majani yaliyoungua. Kijana wa kaunta alikuwa na adabu sana. Kahawa tafuteni penye neno "café" au "koffie".

Chakula: samaki mbichi wa chumvi na vitunguu, mimi nilikula wawili, mzee akageuza uso. Kilichomwokoa ni migahawa ya watu wa Suriname, waliotawaliwa na Uholanzi zamani. Wana roti, wali, kuku, na ndizi za kukaanga zinazoitwa bakabana, na mchuzi wa karanga pembeni. Mchaga akishaona ndizi amefika. Soko la Albert Cuyp lipo kila siku isipokuwa Jumapili. Pale kuleni stroopwafel ya moto, mikate miwili myembamba iliyogandishwa kwa asali ya sukari.

Tiketi za makumbusho nunueni mtandaoni kabla hamjaondoka Arusha. Nyumba ya Anne Frank, yule msichana Myahudi aliyejificha humo wakati wa vita na kuandika shajara, ipo pale Prinsengracht na haiuzi mlangoni kabisa. Tiketi zinatolewa kila Jumanne kwa ziara za wiki sita mbele. Sisi tulikumbuka tukiwa tumebakiza siku kumi. Tuliishia kuitazama kwa nje. Rijksmuseum, makumbusho ya taifa, tulipata, na kwa mchoro mmoja tu wa Rembrandt, ule wa walinzi wa mwaka 1642, tulikaa nusu saa kwenye benchi. Vingine tuliviruka. Kitu kimoja cha kulipia kwa siku, kabla ya chakula cha mchana, basi.

Asubuhi moja iwe ya mke na moja ya mume, mwenzake afuate bila kununa. Yangu ilikuwa mnada wa maua wa Aalsmeer, nje ya mji. Nendeni katikati ya wiki, mfike saa moja asubuhi, maana saa tano kazi imekwisha na Jumamosi na Jumapili wamefunga. Unatembea juu kwenye daraja la ndani, chini yako vitoroli vya maua vinapishana kama siafu. Bei inaanzia juu na kushuka. Wa kwanza kubonyeza ndiye anayenunua, kwa hiyo ukisubiri sana umekosa, ukiwahi sana umeumia. Nilikuwa natafuta boksi kwa macho. Sikuona la shamba letu, lakini niliona mawaridi yaliyofungwa kumi kumi, vichwa vimepangwa ngazi mbili kama tulivyofundishwa, nikaanza kulia na Baba Neema akanipa leso bila kuuliza.

Yake ilikuwa kivuko. Nyuma ya kituo kikuu kuna pantoni za kuvuka maji ya IJ, bure, usiku na mchana. Alivuka mara nne. Kwenye tramu mambo ni tofauti: gusisheni kadi mkipanda na tena mkishuka, la sivyo mnakatwa zaidi, na kila mtu aguse yake.

Maji ya bomba yananyweka. Baba Neema hakuamini, siku mbili za kwanza akawa ananunua ya chupa. Kila chupa ndogo ya plastiki ina dhamana ya senti 15, unairudisha kwenye mashine ya dukani inakupa risiti ya kubadilisha kuwa fedha. Asubuhi ya kuondoka aliingia na chupa kumi kwenye mfuko wa rambo, akatoka na euro moja na nusu, akanitafutia stroopwafel, tukagawana tukisubiri treni.