Bustani ya Gunia kwa Kijana Aishiye Peke Yake

Kijana aliyepanga chumba peke yake hapa Kampala hurudi jioni mahali pasipo na chochote kinachomhitaji, na kwa maoni yangu upweke humwelemea kwa sababu hiyo zaidi kuliko kwa ukimya wenyewe. Mimi hupanda mboga kwenye magunia nje ya mlango wangu, na ninawashauri wenzangu waanze na gunia moja tu.

Hatua ya kwanza ni kumwomba mwenye nyumba nafasi ndogo inayopata jua kwa saa sita hivi.

Hatua ya pili, ambayo haifai kuharakishwa, ni kulijaza gunia. Changanya ndoo mbili za udongo na moja ya samadi iliyooza vizuri, kwa kuwa samadi mbichi huunguza mizizi. Simamisha katikati kopo lililotolewa kitako, lijaze kokoto, zungushia udongo, kisha livute juu na urudie hivyo hadi gunia lijae. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo inayoyafikisha maji chini. Bila yake, mimea ya ubavuni hukauka. Ifanye kazi hii Jumapili, siku inayomlemea zaidi mtu asiye na jamaa mjini.

Hatua ya tatu, toboa matundu ubavuni kwa kupishana, shubiri moja kati ya tundu na tundu, upande miche ya sukuma wiki. Juu, nyunyiza mbegu za dodo (yaani mchicha), ambayo huwa tayari kuvunwa baada ya mwezi mmoja hivi. Anayeanza anahitaji kuona matunda ya kazi yake mapema.

Hatua ya nne ni ya kila siku. Mwagilia asubuhi na jioni, hata kwa maji uliyooshea mchele. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana, hivyo saa uliyoizoea itakufaa mwaka mzima. Geuza majani uwatafute vidukari. Mvua za Machi hadi Mei zikinyesha, punguza maji, lakini ukaguzi usiuache.

Vuna majani ya chini kwanza, uyapike kwa karanga zilizosagwa, na ule umeketi, kwenye sahani, kama mgeni uliyemwandalia. Yatakayozidi mpelekee jirani. Ukisafiri kwenda kijijini, mwachie jirani huyo dumu la maji, mwonyeshe mahali pa kumwagia, na umruhusu avune.