Kuchambua Dagaa Pamoja: Namna ya Kukaa na Watoto Katika Siku Yenye Kazi Nyingi

Mzazi anayeishi pembezoni mwa Dar es Salaam na kufanya kazi mjini huondoka nyumbani kabla jua halijachomoza na kurejea giza likiwa limeingia, na mara nyingi mtoto naye huwa ameamshwa alfajiri ili awahi basi la shule. Ukihesabu saa ambazo wote wawili wako nyumbani wakiwa macho katika siku ya kazi, utapata mbili, labda tatu, na ndani ya saa hizo kuna kupika, kuoga, kazi za shule na kupiga pasi sare za kesho. Kwa sababu hiyo, mzazi akiambiwa atenge saa nzima ya kucheza na mtoto kila jioni, hukubali kwa kichwa na kushindwa kwa vitendo. Ninachopendekeza ni tofauti: kazi zilezile ambazo hazina budi kufanyika ndizo ziwe mahali pa kukutana na mtoto.

Anzia jikoni. Chagua kazi moja tu isiyohitaji moto wala kisu kikali, inayoweza kufanywa mkiwa mmeketi mkekani. Kuchambua dagaa kunafaa kuliko kazi nyingine zote ninazozijua, kwa kuwa mikono ina shughuli, macho yako kwenye ungo, na mtoto ambaye angejibu kwa neno moja akiulizwa ana kwa ana huanza kusimulia mwenyewe bila kusukumwa. Mwoneshe namna ya kukata kichwa kwa vidole na kutenga mchanga, kisha mnapoendelea mweleze tofauti ya dagaa wa Kigoma, wanaovuliwa Ziwa Tanganyika, na dagaa wa Mwanza wa Ziwa Victoria, ili siku mkienda sokoni awatambue mwenyewe. Mtoto wa miaka minne anaweza kunyambua majani ya mchicha. Wa miaka saba atachagua mawe kwenye maharage. Wa miaka kumi anaweza kukalia mbuzi na kukuna nazi iwapo uko karibu naye, maana meno ya mbuzi hukata vidole. Jiko la mkaa na mafuta yanayochemka ni kazi yako peke yako.

Kubali mapema kwamba kazi itachelewa. Hapa ndipo nilipokosea kwa muda mrefu: zaidi ya mara moja nilimnyang'anya mwanangu ungo wa mchele kwa sababu ya haraka, naye akaondoka kimya kwenda kukaa mbele ya televisheni, na hakurudi jikoni jioni hiyo. Sasa siku ninayotaka kupika naye huwa nachagua mboga nyepesi, na anapoacha mawe mawili matatu katika mchele siurudii mbele yake. Chapati yake ikitoka na umbo la ramani, huchomwa hivyohivyo na kuliwa na watu wote.

Mkiwa katika kazi hiyo, usianze kwa kumuuliza amesoma nini leo. Swali hilo hufanana na lile la mwalimu, na jibu lake karibu kila mara ni kwamba hakuna kitu. Tangulia wewe kusimulia jambo dogo la siku yako, kwa mfano namna ulivyosimama ndani ya daladala tangu mwanzo wa safari hadi mwisho, au mteja aliyekukasirisha na ulivyomjibu. Kisha muulize jambo mahususi: ni nani aliyeketi karibu naye, ni mchezo gani waliocheza wakati wa mapumziko, ni nani aliyelia. Akikueleza kosa alilofanya, sikiliza hadi mwisho kabla ya kumkanya, kwa sababu akikatizwa katikati, kosa la pili hatakueleza.

Maneno yakiisha, vipo vitendawili, na hivi havihitaji fedha, umeme wala maandalizi. Mmoja anasema «Kitendawili!», wengine wanaitikia «Tega!», na watakaposhindwa, mtegaji hudai mji. Katika nyumba yetu tumeongeza sharti kwamba mji uliokwisha kutolewa jioni hiyo hauruhusiwi kurudiwa. Hivyo baada ya Tanga, Tabora na Bukoba watoto hulazimika kukumbuka Namanyere, Mikindani na Kilwa Kivinje, na asiyejua mji huo uko mkoa gani huutafuta katika ramani ya shule. Anza na vile vilivyozoeleka, kama nyumba isiyo na mlango, ambayo ni yai, au kuku aliyetagia miibani, ambaye ni nanasi. Baada ya siku chache mtake mtoto atunge vyake kutokana na vitu vilivyo mbele yake: mwiko, kifuniko, moshi. Vya mwanzo vitakuwa rahisi mno, lakini vijibuni kwa heshima ileile. Hadithi nazo ziendeshwe hivyo, kwa «Paukwa!» na «Pakawa!», na bibi au babu akiwa nyumbani aachiwe nafasi ya kwanza, hata kama hadithi yake imesikika mara kumi.

Kuhusu simu, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe kabisa mbele ya skrini, na mwenye umri wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Nyumbani, hata hivyo, sharti hili limfunge mzazi kwanza. Tafuta kikapu au bakuli, weka simu zote humo tangu mnapoketi kupika hadi vyombo vitakapooshwa, na ya kwanza kuingia iwe yako.

Sokoni mpeleke mtoto mmoja kwa zamu, si wote kwa pamoja. Mwachie achague fungu la nyanya, apatane bei na kuhesabu chenji, na mrudi kwa miguu ikiwezekana. Matembezi ya ufukweni na ya sikukuu ni mazuri, ila hayo hujipanga yenyewe.

Kina baba wengi hufika watoto wakiwa wamekwisha kulala. Baba wa namna hiyo achukue asubuhi: yeye ndiye awaamshe, awapake mafuta, awafunge viatu na kuwasindikiza hadi kituo cha basi. Ni dakika 20 au 30 za kila siku, na mtoto huzizoea kiasi cha kuziulizia. Iwapo nyumbani kuna dada wa kazi, muulize kila jioni mtoto alivyoshinda, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa naye mchana kutwa, na mkaribishe mkekani badala ya kumwachia sufuria peke yake.

Tangu mwaka 2023, Serikali ya Tanzania ilipozuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, watoto wadogo wengi waliokuwa wakilala shuleni wamerudi majumbani, na wazazi wao wanajifunza upya kuishi nao. Kwa hao nashauri wasianze na mengi. Kazi moja ya jikoni kwa jioni mbili za juma inatosha kwa mwezi wa kwanza.

Anayefanya kazi mkoa mwingine, au zamu za usiku, apange saa moja isiyobadilika ya kupiga simu, tuseme saa moja na nusu jioni, na azungumze na kila mtoto peke yake. Kabla ya kukata, atege kitendawili kimoja na asikitoe jibu. Mtoto atashinda nacho siku nzima, atawauliza wenzake shuleni, na kesho yake saa moja na robo atakuwa tayari ameishika simu.