Malipo ya Mtandaoni Yanapochelewa: Sababu na Hatua za Kuchukua

Malipo ya kadi hupitia hatua mbili: kwanza benki huidhinisha muamala na kuzuia kiasi husika, kisha fedha zenyewe huhamishwa baadaye, mara nyingi baada ya siku 1 hadi 3 za kazi. Kwa hiyo, salio likipungua huku muuzaji akisema hajapokea chochote, usikimbilie kulipa tena, kwani hapo ndipo watu wengi hukatwa mara mbili. Fungua kwanza taarifa ya akaunti: muamala unaoonekana kuwa "unasubiri" haujakamilika, na ukishindikana, fedha hizo huachiliwa, ingawa huenda zikachukua siku kadhaa kurudi.

Uhamisho kati ya benki una vikwazo vyake. Uliotumwa Ijumaa jioni huenda usishughulikiwe hadi Jumatatu, na tarakimu moja iliyokosewa katika namba ya akaunti hutosha kuukwamisha. Wakati mwingine benki inangoja tu uthibitishe malipo kupitia ujumbe ambao hujausoma.

Muda uliotajwa ukipita, wasiliana na benki yako, si muuzaji pekee, ukiwa na namba ya kumbukumbu ya muamala, tarehe na kiasi. Namba ya siri usimtajie yeyote, hata anayejitambulisha kuwa mhudumu wa benki.