Noti mbili kwa koo moja: wanakwaya na wa opera mjaribu hii

Huko Tuva, kusini mwa Siberia, kuna watu wanaimba noti mbili kwa mpigo, chini inavuma kama nyuki mzingani, juu kafilimbi, wanaita khoomei. Na kina mama wa Kixhosa Afrika Kusini wana yao, umngqokolo. Mi nimezoea kwaya, nikajua kiinimacho tu mpaka nilipojaribu.

Nenda bafuni kwenye vigae. Shika noti ya chini inayokukaa vizuri, usiitikise, halafu kwa pumzi moja toka U, O, A, E, mpaka I, polepoleee, yaani sekunde 15 hivi. Usisikilize noti, sikiliza kinachopita juu yake. Ukishaanza kukinasa weka ulimi kama unataka kusema L, ncha igande kwenye ufizi nyuma ya meno ya juu, pembeni uguse magego ila upande mmoja acha kaupenyo, sasa sogeza midomo kidogo kidogo toka U kwenda I na kafilimbi katatoka. Mi kalitoka siku ya nne, mke wangu akadhani birika limechemka.

Sasa opera inaingiaje? Noti yoyote ina noti nyingine kibao ndani yake. Mwimbaji wa opera, hasa mwanaume, anashusha koromeo na kuacha njia nyembamba juu kidogo ya nyuzi za sauti, zile za juu zilizo karibu na hezi 3000 (mitikisiko 3000 kwa sekunde) zinapata nguvu, na hapo okestra haina nguvu sana, ndo maana unamsikia bila maiki. Mtuva yeye anachagua moja tu anaipa nguvu. Kazi ni ileile, kupanga umbo la mdomo na koo. Mtunzi Mjerumani Stockhausen mwaka 1968 aliwatungia waimbaji 6 kazi ya zaidi ya saa nzima juu ya kodi (chord, noti kadhaa zinazolia pamoja) moja tu, mchezo wote ni hizo noti za ndani!

Ila Watuva wengi wanabana koo na opera inataka koo lilegee, so usibane, njia ya irabu inatosha. Na ule mkoromo wao mzito, kargyraa, usiuguse bila mwalimu. Koo likiwasha acha, na siku ya shoo usijaribu kabisa.

Ukimaliza imba A yako ya kawaida uone kama ile ya juu bado unaisikia. Mi nilipoanza kuisikia, mwalimu wangu aliacha kunipigia kelele "sauti mbele, mbele!", yaani ivume usoni, isibaki kooni.