Somo: Tangi moja, nusu nchi kavu, nusu maji

Wengi wakiliona tangi la aina hii hutazama majani na maji. Mimi macho hukimbilia pale udongo unapopakana na maji, maana matangi mengi hufia hapo. Udongo ukipata njia ya kunywa maji usiku na mchana hugeuka tope, na mizizi huoza.

Tutatumia tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa 30.

Hatua ya 1: Ukuta wa ndani
Katisha kioo kinachoenea upana wa ndani, kimo sentimita 15. Kisimamishe sentimita 20 kutoka upande mmoja, ukigandishe kwa gundi ya silikoni isiyo na dawa ya kuzuia kuvu. Subiri saa 48, au zaidi kama bado inanuka siki. Kisha jaza maji upande mkubwa, kina cha sentimita 12, uyaache siku nzima. Pitisha karatasi kavu upande wa pili, kwenye kona. Ikilowa hata kidogo, mwaga, kausha, ziba upya. Usilionee uvivu jambo hili, kwa sababu ukishaweka udongo huwezi tena kupafikia.

Chagua mahali pa kudumu kabla ya kujaza, na upime kwa pimamaji. Maji peke yake ni kama lita 14, yaani kilo 14, bado mawe na udongo.

Hatua ya 2: Nchi kavu
Tandika changarawe sentimita 5, juu yake wavu laini, kisha udongo usiozidi sentimita 9 karibu na ukuta. Kabla ya udongo, simamisha kipande cha bomba jembamba kwenye kona mpaka kifike chini. Maji ya kumwagilia yakizidi hayana pa kutokea, hivyo utayafyonza kwa bomba la sindano.

Hatua ya 3: Upande wa maji
Osha mchanga mpaka maji yatoke meupe. Jiwe lidondoshee siki: likitoa povu lina chokaa, na litabadili maji. Maji ya bomba yakikaa wazi siku nzima klorini hupungua. Kloramini, dawa nyingine inayotiwa katika maji ya bomba, haiondoki hivyo, inahitaji dawa yake.

Hatua ya 4: Mimea
Majini anza na Anubias, mmea wa Afrika ya Magharibi na ya Kati unaovumilia mwanga hafifu. Ufunge kwa uzi juu ya jiwe, usilifukie shina lake nene linalotambaa, litaoza. Nchi kavu panda kangaga wadogo na kuvumwani, ule mmea laini wa kijani unaotandaa kama zulia.

Hiyo kuvumwani ndiyo iliyoniulia tangi langu la kwanza. Niliiacha ining'inie ukutani mpaka ncha zake zikagusa maji, kwa kuwa ilipendeza mno. Baada ya wiki moja maji yalikuwa yamepungua kwa vidole viwili, na kangaga wote wamelala. Ile kuvumwani ilifanya kazi ya utambi wa taa: ilinyonya maji, ikayavusha ukuta, ikayamwaga udongoni. Sasa huikata kwa mkasi, ibaki sentimita 2 juu ya maji.

Taa iwake saa 8 kwa siku. Jua la moja kwa moja halifai, hupika maji na kuleta mwani.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, naweza kuweka samaki?*
Lita 14 ni chache kwa samaki wengi. Uduvi wa maji baridi wanatosha, ila si leo. Bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na kinyesi na uozo, kuwa nitriti, kisha nitrati, huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga ndani ya tangi. Pima: amonia na nitriti zikisoma sifuri, walete. Mbolea ya mimea yenye shaba usiitie, huwaua.

*Maji yangu yamekuwa kama chai. Nimwage?*
Umeweka gogo? Hiyo ni rangi ya mti, haidhuru. Ukitaka ipungue, badilisha robo ya maji kila wiki. Kama yananuka uozo, hiyo si rangi ya gogo. Kagua udongo kwanza.

*Kioo kina ukungu mchana kutwa, sioni ndani.*
Sogeza kifuniko, uache upenyo wa sentimita 2. Maji yatapungua haraka zaidi, kwa hiyo chora mstari kwa nje kwenye kimo cha sentimita 12, uongeze kila yanaposhuka.