Jinsi ya kuomba usajili kwa wanunuzi wa kampuni za migodi na kupita ukaguzi wa kanuni za maadili: karakana za ushonaji za Lubumbashi

Kushusha bei peke yake hakutoshi tena kuuzia mgodi salopeti (nguo za kazi). Kabla ya oda ya kwanza mnunuzi anatuma kanuni zake za maadili uzitie sahihi, kisha anadai ukaguzi wa kijamii. Mara nyingi ni SMETA, aina ya ukaguzi unaopitia Sedex, jukwaa la mtandaoni la taarifa za wauzaji, na kupima kwa vifungu 9 vya kanuni za ETI (Ethical Trading Initiative) kuhusu haki za wafanyakazi. Usitie sahihi usichosoma: ukishaweka kashe (muhuri), kila mstari utaulizwa.

Karatasi za kampuni mnazijua: RCCM (rejista ya biashara), Id. Nat. (namba ya utambulisho wa kitaifa), namba ya kodi, CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii), INPP (mafunzo ya kazi), ONEM (ofisi ya ajira), na ARSP (mamlaka ya ukandarasi mdogo) kama mnafanya kazi za ukandarasi mdogo. Angalia jina tu. "Ets" (biashara ya mtu mmoja) kwenye karatasi moja na "SARL" (kampuni) kwenye nyingine, faili linarudi, na kila ofisi itakutuma kwa jirani yake.

Fungua akaunti ya Sedex, pokea namba ya kampuni na namba ya karakana, halafu jaza dodoso la kujitathmini. Hapa ndipo wengi wanapochomwa. Swali la idadi ya wafanyakazi linajibiwa "12", maana 12 ndio wenye mkataba. Mafundi 15 wa siku hawahesabiwi. Siku za ukaguzi, na bei yake, zinapangwa kwa idadi hiyo. Mkaguzi akikuta watu 27 kwenye mashine, muda hautoshi, na ripoti inaanza na neno baya.

Hao wa siku wana hatari nyingine. Kwa sheria ya kazi ya Kongo (Code du travail) ya 2002, mtu aliyefanya siku 22 ndani ya miezi 2, ukimchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Oda kubwa ya salopeti inafikisha siku 22 bila mtu kugundua. Weka daftari la siku kwa kila jina. Anayekaribia 22 aandikiwe mkataba na atangazwe CNSS. Mchango ni asilimia 18 ya mshahara: 13 za mwajiri, 5 zinakatwa kwa mfanyakazi. Kumkata 5 bila kuzipeleka ni kosa baya kuliko kutomkata kabisa, na hati ya malipo ndiyo itakayokusema.

Saa za kazi ni mtego wa pili. Kanuni za ETI zinaruhusu saa 48 kwa wiki, basi watu wanaandika 48. Sheria ya Kongo inasema 45, na kanuni yenyewe inadai ufuate ile inayomlinda mfanyakazi zaidi. Kwa hiyo kuanzia saa ya 46 ni saa za ziada: asilimia 30 juu kwa saa 6 za kwanza za wiki, asilimia 60 kwa zinazofuata, na asilimia 100 siku ya mapumziko. Kwa jumla usipite saa 60 kwa wiki, na siku moja katika saba mtu apumzike.

Usijaribu kutengeneza fomu za mahudhurio zenye 7:30 hadi 16:30 kila siku kwa kalamu moja. Kila mtu mjini anajua kwamba umeme ukikatika mchana, karakana inashona usiku. Mkaguzi anachagua miezi kadhaa, ule wa kazi nyingi na ule wa kazi kidogo, analinganisha mahudhurio na daftari la mazuti (dizeli) ya jenereta na bon (hati) za kupeleka mzigo. Salopeti zilizotoka Jumapili hazikujishona. Saa nyingi zilizoandikwa kwa ukweli zinapewa muda wa kurekebishwa; daftari la uongo linavunja imani yote.

Rudisha pia karti za mchaguzi za wafanyakazi (kadi za mpiga kura, ndizo kitambulisho chao) zilizofungiwa kwenye droo ya patron, na dhamana ya mashine waliyotozwa mafundi wapya. Kifungu cha kwanza cha ETI kinakataza vyote viwili, hata kama "ndivyo tunavyofanya Kenya yote" (komini ya Kenya ya hapa Lubumbashi, si nchi). Bali kopi ya kitambulisho baki nayo, kwani ndiyo inayothibitisha umri.

Siku yenyewe: njia ya kutokea isizibwe na marobota, mlango usifungwe kwa kufuli, kizima moto kiwe na tarehe. Wafanyakazi watahojiwa faraghani. Usiwafundishe majibu, maana sentensi moja kwenye midomo kumi inasikika. Bahasha ya "usafiri" kwa mkaguzi inaandikwa kwenye ripoti.

Makosa yatakuja, kila moja na muda wake wa kurekebishwa. Picha ya kizima moto kipya inatosha kwa kizima moto. Kwa malimbikizo ya saa za ziada inatakiwa hesabu kwa kila jina, sahihi ya aliyelipwa, na uthibitisho wa benki au mobile money.