Kuchagua na kujaribu kingamwili ya MYC

Kabla ya kuagiza kingamwili ya MYC, protini inayochochea seli kukua na kugawanyika, mimi huuliza kwanza: seli zangu ni za kiumbe gani? Kloni (aina moja mahususi ya kingamwili) ya 9E10, iliyozoeleka sana maabarani, hushika kipande cha mwisho wa protini ya binadamu, asidi amino 410 hadi 419. Kloni hii haiitambui MYC ya panya. Tena kipande hichohicho hubandikwa kwenye protini nyingine kama alama, kwa hiyo seli zako zikiwa na alama hiyo, iache. Kwa vipande vya uvimbe vilivyohifadhiwa kwenye nta napendelea kloni ya Y69, inayotokana na sungura.

Hapa naomba uwe makini mno. MYC haidumu: nusu yake huvunjwa ndani ya dakika 20 hadi 30 hivi. Seli ziende kwenye barafu papo hapo, na vizuizi vya protease (vimeng'enya vinavyovunja protini) viwe tayari kabla hujazigusa.

Kwenye bloti (Western blot, kipimo kinachotenganisha protini kwa ukubwa kwenye jeli), tafuta mstari kati ya kilodaltoni, yaani vipimo vya uzito wa protini, 57 na 65. Asidi amino zake 439 zina uzito wa kama 49 tu, ila kwenye jeli hutembea polepole, usishtuke. Pakia HL-60, seli za saratani ya damu ya binadamu zenye nakala nyingi za jeni ya MYC, na kando yake HL-60 ulizoinyamazisha MYC kwa siRNA, vipande vidogo vya RNA vinavyozima jeni. Mstari usipofifia, kingamwili hiyo siitumii, hata karatasi ya muuzaji ikiisifu vipi.

Kwenye slaidi, tazama kiini cha seli, ambako MYC hufanya kazi. Rangi ikikaa nje yake tu, natilia shaka matokeo.